Nyumba Niliyoifuta Katika Kisiwa cha Mnandi

Siku mliyoniaga mlitaka nihutubie, nikakataa, nikala keki. Mkadhani nnaona haya. Mie na haya wapi na wapi! Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe si juu yenu, ni juu yangu mie mwenyewe. Kazi yangu ya maisha ilikuwa kuchora na kuhakiki ramani za bahari, zile wanazofuata manahodha wasipande mwambani, na katika kazi hiyo nilimfanyia ubaya mtu mmoja aliyenifundisha. Hapana aliyelitaja jambo hilo siku ile kwa kuwa hapana alijuaye ila mimi na Khamis, na Khamis mnamjua, alikuwa ameshughulika na sahani ya pili ya sambusa. Basi nnaliandika hapa nyumbani kwangu Mabela, Maskati, kwa ajili yenu mnaobaki katika chumba cha uhakiki. Vyeo na mishahara tuviache, bosi ameshavisoma vyote.

Siku yangu ya kwanza ofisi ilikuwa Ruwi, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Wazee wangu walihamia Maskati kutoka Unguja nikiwa mtoto wa skuli, kwa hivyo nyumbani tulisema Kiswahili, barabarani Kiarabu, kazini Kiingereza, na ukitukanwa unachagua mwenyewe lugha ya kujibia. Baba alidhani nimeajiriwa kupiga taipu. Hata mie nilidhani hivyo. Nikamkuta Mnorwe mrefu, masikio mekundu kwa jua, amevaa viatu vizito vya kamba katika joto lile, akaniambia jina lake Aksel na kwamba kuanzia leo nijifunze kutopumua.

Hakuwa akitania. Wakhti ule tulikuwa na karatasi ya plastiki iliyopakwa rangi ya kahawia. Unaitandika juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, unaikwaruza kwa kalamu yenye ncha ya sindano, na pale ulipokwaruza mwangaza unapita. Ukivuta pumzi mkono unatikisika, ufukwe wa watu umeshaingia baharini. Ukikosea unaziba kwa brashi, unangoja ikauke, unaanza upya. Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji na ndoo iko chini yake mwaka mzima. Karatasi tulizikandamiza kwa vipande vizito vya madini ya risasi, na vilikuwa vinaacha weusi kila vilipopita, mpaka nilipovishonea vifuko kwa mabaki ya kitambaa niliyopewa na muuza duka wa chini. Aksel alivitazama vile vifuko akasema, "Huyu atadumu." Ndiyo sifa pekee niliyopata mwaka ule.

Ramani za wateja hatukuruhusiwa kuzigusa. Tulikuwa wanafunzi wawili, mimi na Khamis, naye pia mtoto wa watu wa Unguja, na Aksel alituletea ramani moja ya kujifunzia aliyokuja nayo kutoka kwao, imezungushwa ndani ya bomba la karatasi ngumu. Ilikuwa ya pwani ya Helgeland, kaskazini mwa Norwe, alikozaliwa. Akaifungua mezani. Khamis akainama, akatazama, akasema kwa Kiswahili, "Yarabi! Hii nchi iliangushwa?"

Kweli, ilikuwa kama sahani iliyovunjika jikoni. Visiwa havihesabiki, vingine havizidi ukubwa wa uwanja wa mpira, na kati yake mawe, miamba ya chini ya maji, mikondo, minara, nguzo za mawe zilizopangwa kwa mkono na watu waliokufa zamani. Aksel alisema mwenye kuweza kuichora pwani hii ataichora yoyote. Akatupa miezi minane. Kwa hivyo, wanangu, mimi niliyekaa Maskati nilivijua visiwa vya Norwe kimoja kimoja kabla sijajua majina ya visiwa vinavyoonekana kutoka ufukwe wetu wa Sib. Mpaka leo nikifumba macho naweza kupita kati yake, kutoka bahari kuu mpaka bara, bila kugonga.

Alitufundisha alama kwanza, kisha visiwa. Alama ya baharini ni kitu chochote ambacho mtu aliye chomboni anakiona, anakijua, na anajua kiko wapi. Kuna mlima kule umetoboka katikati, tundu linapenya upande huu mpaka upande wa pili, na ukiona mbingu kupitia tundu lile unajua umefika wapi. Kuna vilele saba vimejipanga, wanaviita Masista Saba. Hadithi yao ni kuwa walikuwa wanawari wanakimbia, mpanda farasi anawafukuza, akawafyatulia mshale, mtu akatupa kofia yake kuuzuia, kofia ndiyo ule mlima wenye tundu, jua likachomoza na wote wakageuka mawe.

"Saba," akasema Khamis, "na hapana hata mmoja aliyeolewa?"

"Mawe hayaolewi," akajibu Aksel, uso mkavu, akaendelea kuchonga penseli.

Siku moja nilikuwa nakwaruza kisiwa kidogo cha nje kabisa, kinaitwa kwa lugha yao Kisiwa cha Mnandi, yule ndege mweusi wa baharini anayepiga mbizi. Juu yake paliandikwa nguzo ya mawe, na nyuma ya nguzo palikuwa na mraba mdogo mweusi, na pembeni maneno mawili: nyumba nyeupe. Nikamuuliza Aksel kwa nini nyumba moja tu imo ramanini na kisiwa cha jirani kina nyumba kumi hazimo.

"Kwa kuwa hiyo inafanya kazi," akasema. Akachukua rula akaiweka juu ya karatasi. "Kutoka bahari kuu, ukiiona nyumba imekaa sawasawa juu ya nguzo ya mawe, uko kwenye njia. Nyumba ikitoka kulia, una mwamba kulia. Ikitoka kushoto, una mwamba kushoto. Nimezaliwa humo."

Alisema hilo la mwisho kwa sauti ile ile, nikadhani sikusikia vizuri. Kumbe ni nyumba ya wazee wake. Alikua humo na ndugu zake mpaka skuli ikafungwa, daktari akawa mbali, serikali ikawahimiza watu wa visiwa vya nje wahamie bara, na familia moja moja zikaondoka. Nyumba nyingine zilivunjwa zikabebwa mbao kwa mbao. Ya kwao baba yake alikataa isivunjwe, akasema vyombo vinaitegemea. Baba alipokufa, Aksel akaichukua kazi: kila mwaka wakhti wa joto anakwenda kwa mashua na ndoo ya rangi, anaupaka ukuta mmoja, ule unaotazama baharini.

"Na kuta tatu nyengine?" nikamuuliza.

"Bahari haizioni."

Hapana mtu anayelala humo. Hapana kitanda. Alikuwa anaenda kuipaka nyumba tupu kwa sababu imo kwenye ramani, na mtu asiyemjua anaweza kuwa anaitafuta. Mie nilikuwa mtoto wa watu walioacha nyumba yao Unguja na kamwe hawakurudi hata kuitazama, na nnasema wazi, siku ile nilimpenda yule mzee kama anavyopendwa mtu wa kwenu. Mzee nnasema sasa. Alikuwa hajatimia miaka arubaini na tano.

Somo jengine alitupa huko Qantab, kijiji cha wavuvi karibu na Maskati. Tulikuwa tumechora ghuba ile kwa mteja, kazi yetu ya kwanza ya kweli, na kwenye karatasi ya zamani tuliyoifuata palikuwa na alama, nyumba yenye paa la kijani. Tukaihamisha kama ilivyo. Aksel akakodi boti, akatutia humo, mie abaya imerowa mpaka magotini, akasema, "Nionesheni." Tukatazama mlimani na ufukweni. Nyumba haipo. Tukamuuliza mvuvi mmoja aliyekuwa anatengeneza mitego yake. Akacheka mpaka akakaa chini. Ile nyumba, alisema, ilibomolewa yeye hajaoa, na sasa ana wajukuu.

Aksel akaamuru boti igeuzwe. Tulipofika Ruwi akanipa brashi, akanisimamia niizibe ile nyumba kwa mkono wangu. "Angekuja mgeni akaitafuta," akasema, "huku anaitafuta, jiwe linamngoja. Asya, kisichothibitishwa hakiwekwi. Hata ukikipenda." Nikamwambia nimefahamu. Nilifahamu sana, na hapo ndipo palipo na msiba wangu.

Alikaa nasi miaka minne akarudi kwao. Kiswahili alichobeba kilikuwa maneno yasiyozidi kumi, nusu yake ya Khamis na hayaandikiki. Lakini kila mwaka, mwisho wa siku zao za joto, ilikuja postikadi kwenye sanduku letu la posta Ruwi, picha ya mlima au ndege, nyuma yake neno moja la Kiswahili: Nimepaka. Chini yake namba ya simu yake na jina. Nami nnamjibu, nnamueleza khabari za kazi, nani kaoa, nani kafa, mashine gani imenunuliwa. Mwaka mmoja aliandika: Nimepaka. Mvua. Nimepaka tena. Tukacheka ofisi nzima.

Mashine zikaja kweli. Kalamu za sindano zikatiwa kwenye droo, nikapewa kipanya chenye vioo na nyuzi mbili za msalaba, unakipitisha juu ya karatasi ya zamani nukta kwa nukta, na kompyuta inakumbuka. Macho yangu yaliharibika hapo, si kwenye sindano. Nawausieni: kila baada ya nusu saa tazameni dirishani, kitu cha mbali kabisa, na msimsikilize anayesema huo ni uvivu. Baadaye nikawekwa juu ya uhakiki, na mie ndiye niliyeandika ile kanuni mnayoifuata mpaka leo. Kwa kila alama ya zamani inapelekwa fomu kwa watu wa mahali pale. Wana siku thelathini. Wasipojibu, alama inafutwa. Niliiandika kwa fahari. Nilijiona nnaweka maneno ya Aksel kwenye sheria.

Halafu mama akaugua, ule ugonjwa wa kusahau, na kwa miaka mitatu sikuwa mtu. Alikuwa ananiita kwa majina ya dada zake waliokufa. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ikahama Ruwi ikaenda Bawshar, kwenye jengo lile la vioo mnalolijua, na sanduku la posta la zamani likaachwa. Hapana aliyekumbuka. Sisi, wanangu, tuliokuwa tukisahihisha mahali pa kila jiwe la dunia, hatukumwambia mtu kuwa sisi wenyewe tumehama! Postikadi mbili za mwisho nilizozipata sikuzijibu, niliziweka chini ya dawa za mama nikasema kesho. Ya tatu haikuja. Ya nne haikuja. Nikahisabu umri wake nikasema, basi, amekwenda. Nikamsomea Fatiha japo hakuwa Muislamu, na nikajiona nimemaliza haki yake.

Miaka saba iliyopita kampuni ilichukua kazi ya mteja wa Ulaya anayeuza ramani kwa wenye mashua za starehe. Karatasi mia na kitu za pwani ya Norwe, ziingizwe kwenye kompyuta, zihakikiwe alama zake. Ilipofika ile ya Helgeland nilijua kabla sijaifungua. Nikaishika mwenyewe, sikumpa kijana. Nilipofika Kisiwa cha Mnandi nikasogeza uso karibu. Ule mraba mdogo ulikuwapo. Nyumba nyeupe.

Nikatuma fomu. Siku thelathini zikapita, kimya.

Khamis alikuja mezani kwangu na kikombe chake cha chai ya maziwa. "Ile nyumba ya Aksel inasemaje?"

"Haikujibiwa."

"Mpigie basi."

"Nimpigie nani, Khamis? Maiti?"

"Namba si unayo? Ataipokea hata mtoto wake. Utajua ukuta umepakwa au haukupakwa. Simu moja, dada."

Nikamwambia kanuni ni kanuni, nikianza kupiga simu kwa kila nyumba nnayoipenda hatutamaliza mpaka kiyama. Hivyo ndivyo nilivyosema. Ukweli ni mwengine, na nausema leo: niliona haya. Nilikuwa na deni la barua mbili kwake, na niliogopa binti yake aniulize, wewe ndiye Asya aliyekuwa baba akimngoja? Kwa haya za barua mbili nikaifuta nyumba ya mtu. Nilibonyeza mara moja tu. Zamani angalau ungeziba kwa brashi ukangoja ikauke, na katika kungoja huenda ukajirudi.

Ramani ilipochapishwa nikaona nifanye la kiungwana. Nikachukua nakala moja, nikakaa hapa hapa Mabela, usiku, hapana, ilikuwa mchana, mama amelala, nikaandika barua ya tanzia kwa familia ya marehemu Aksel. Nikaeleza alivyotufundisha, nikaeleza kuwa hii ni ramani ya kwao na imefanywa na mikono aliyoifundisha. Neema, dada wa Kitanzania aliyekuwa akimwangalia mama, akaniona nafuta machozi.

"Nani amefariki, mama?"

"Mwalimu wangu."

"Pole sana, mama. Amefariki lini?"

"Sijui hasa."

Akasimama na kitambaa chake mkononi. "Sasa mama, kama hujui lini, nani kakwambia amefariki?"

Nikamwambia aende akaangalie uji. Msichana wa Mwanza, hajui kutazama ramani, aliuliza swali ambalo mkuu wa uhakiki hakuliuliza. Nikaitia barua kwenye bahasha nikaipeleka.

Baada ya wiki tatu nikapata barua pepe ya mtu nisiyemjua, Marit, binti wa Aksel. Iliandikwa kwa adabu. Baba yuko hai, ilisema. Ana miaka themanini na mbili. Barua yako ya tanzia aliifungua mwenyewe mezani, akaisoma, akacheka, akaisoma tena. Kisha akaikunjua ramani, akaomba kioo chake cha kukuzia, akatafuta Kisiwa cha Mnandi. Alikaa nayo muda mrefu. Akaniuliza kama kioo kina uchafu.

Chini yake aliandika kuwa fomu yetu ilifika ofisi ya mji wao mwezi wa saba, ambapo kule kila mtu yuko likizo na hapana anayefungua barua. Na mwezi huo wote baba yake alikuwa anakwenda na kurudi kisiwani. Alikuwa anapaka.

Niliinuka nikaenda chooni nikafunga mlango, nikalia kwa sauti, na mfanyakazi wa usafi akagonga akidhani nimeanguka. Nikanawa uso nikaenda kwa bosi, na siku ya pili nikatoa postikadi ya zamani, nikapiga ile namba ambayo nilikuwa nayo miaka yote. Aliipokea mwenyewe.

"Asya," akasema, "nasikia nimekufa."

Nikaanza kulia upya.

"Usilie. Ni barua nzuri. Sikujua kuwa nilikuwa mwalimu mwema kiasi hicho, ungeniambia mapema."

"Nisamehe, Mista Aksel. Nimeifuta nyumba yako."

"Ulituma fomu?"

"Nilituma."

"Ulingoja siku zako?"

"Thelathini."

"Ikajibiwa?"

"Haikujibiwa."

"Basi umefanya nilivyokufundisha," akasema. Wallahi angenitukana ningepumua. "Na mimi nilikuandikia kila mwaka, Asya. Nilidhani wewe ndiye umekufa. Lakini sikuandika tanzia."

Nikamwambia tumehama, sanduku la posta tumeliacha, mama anaumwa. Nikajisikia nnavyojitetea kama mtoto aliyevunja gilasi. Nikamwambia nitairudisha. Nilikuwa nimeshamuuliza bosi, na bosi alishamuuliza mteja, na mteja akasema kazi imefungwa, mabadiliko ya alama yangoje toleo lijalo.

"Toleo lijalo lini?"

"Miaka mitano. Labda sita."

Nilisikia kitu kama kijiko kwenye kikombe.

"Nitairudisha," nikasema. "Wewe endelea kupaka tu."

"Nipake kwa ajili ya nani?" Hakuuliza kwa uchungu, aliuliza kama anavyouliza mtu njia. "Marit haendi kule. Watalii wanatumia hiyo ramani yako. Aliye baharini hana tena khabari ya kuitafuta. Nilikuwa naipaka kwa sababu imo, Asya. Sasa haimo."

Tulizungumza kidogo mengine, akamuulizia Khamis, akasema lile neno la Khamis lisiloandikika, akacheka, akakata. Hatukuzungumza tena. Nilimuandikia, safari hii kwa anwani zote mbili, ya nyumbani na ya ofisi, juu ya bahasha kwa herufi kubwa. Marit akajibu kwa niaba yake. Siku za joto zilizofuata ndoo ya rangi haikutoka bandani. Aliniandikia kuwa baba yake alikuwa anakaa barazani asubuhi, anatazama hali ya hewa, anasema leo ingekuwa siku nzuri ya kupaka, kisha anaomba kahawa. Alikufa majira ya baridi yaliyofuata. Khabari ile ilikuwa ya kweli, na barua ya tanzia nilikuwa nimeshaitumia. Sikujua la kuandika tena. Niliandika mistari miwili.

Nyinyi mtasema, Bi Asya, mzee wa miaka themanini angeacha kupanda mashua hata hivyo. Khamis ananambia hivyo kila Ijumaa. Huenda. Lakini mwaka ule nilioifuta alikwenda, na mwaka wa pili alikuwa na miguu ile ile na mashua ile ile. Mimi ndiye niliyemnyang'anya sababu. Msinifariji kwa hilo, nimekataza hata nyumbani.

Nnalotaka mlishike ni hili. Ile kanuni ya siku thelathini ibadilisheni. Niliomba mara mbili ibadilishwe, nikaambiwa inafanya kazi vizuri. Kimya cha mtu si jibu lake. Kabla hujafuta, piga simu, na ukiona haya kupiga, ujue hapo ndipo khasa pa kupiga. Na mkihama, waambieni watu.

Wiki yangu ya mwisho kazini toleo jipya la Helgeland likaingia. Mngeweza kulishughulikia nyinyi, nililiomba mimi. Sikuanza na fomu. Nilimpigia Marit, mchana, simu ya ofisi, mlango wazi.

"Nilijua utapiga," akasema. "Baba aliniambia."

"Alisema nini?"

"Kwamba siku moja utapiga kuhusu nyumba."

"Marit, nataka kuirudisha. Mamlaka ninayo mpaka Alkhamisi. Niambie ukuta bado ni mweupe."

"Nilipita kwa mashua mwezi uliopita. Ni kijivu. Rangi yote imebanduka, mbao zimekuwa kama mwamba. Ukiwa nje baharini hutofautishi nyumba na jiwe."

"Kama mtu akiupaka mwaka huu. Kama nikileta rangi mwenyewe. Nitakuja, Marit, sijapata kufika huko, nitakuja."

"Alisema utasema hivyo pia." Akaongeza: "Alisema, Asya akipiga mwambie ukweli, na mwambie asiirudishe kwa huruma."

Nikamshukuru. Fomu ilikuwa mbele yangu kwenye kompyuta, na kidole changu kilikuwa juu ya neno ambalo lingeirudisha. Hapana mtu Maskati angejua. Hapana mtu Ulaya angeuliza, maana saini ni yangu na saini yangu hawaiulizi. Nilikaa hivyo mpaka kijana mmoja wenu akapita akaniuliza kama nnataka chai.

Fomu iliuliza: je, alama inaonekana kutoka baharini? Nikaandika: haionekani. Imethibitishwa na nani? Nikaandika: binti wa mwenye nyumba. Nikatia saini, na safari hii fomu haikuwa na kosa hata moja.